Fungu Lisilo na Mwenyewe

Jumatatu ni siku ya mashuka. Dobi alikuwa amemaliza mashuka ya nyumba ya wageni na ameanza foronya, pasi ikitoa mvuke, mwanawe alipokaa kwenye kiti cha jikoni, akaweka mikono mapajani, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, kama miayo inavyomtoka mtu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, kazi ya kuchora ramani za majengo ambayo walikuwa wamempa likizo, na jina la utani, Bosi, alilopewa tangu hajaota meno kwa jinsi alivyowaamrisha watu kwa kidole.

"Nini tena, Bosi?"

"Sijui, mama."

Alisema kweli. Hakuachwa na mchumba, hakutukanwa, hakufukuzwa popote. Daktari alimpima damu, akakipiga kichwa chake picha, akasema ni kichwa kizuri sana. Alimpa na vidonge, vikamsaidia kulala, na hilo si haba.

Mwanzoni dobi alifanya yale wanayoyafanya wazazi wote. Alimwambia ajikaze kisabuni. Alimwambia duniani wapo wenye shida kuliko yeye, naye Bosi akawalilia na hao. Baadaye akaacha kusema. Akawa anamwekea kitambaa safi kando ya kikombe cha chai, anakaa naye, anakunja soksi. Alikuwa na hamu naye. Mtoto yupo pale pale mezani, magoti yao yanagusana, na bado alimkumbuka kama mtu aliyesafiri bila kuaga: kicheko chake cha puani, ubishi wake, tabia yake ya kuimba vibaya bafuni na kutoka humo anasubiri kusifiwa.

Vitambaa vikarundikana, ikabidi vifuliwe. Na dobi hakuwahi kufua kitu kabla ya kukinusa. Ndivyo alivyofundishwa kazi: nguo hunuswa kwanza, ijulikane ni ya nani, ndipo iwekwe kwenye fungu lake. Kwa hiyo alivinusa vitambaa vya mwanawe, akaona kwamba machozi yale hayakuwa ya Bosi. Ya asubuhi yalinukia gundi na vumbi la mbao. Hayo yalikuwa ya seremala wa nyumba ya pili. Ya mchana yalinukia rangi ya viatu, maana yake yalikuwa ya mama mwenye duka la viatu pale kona. Ya jioni, ambayo ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote, hayakunukia kitu. Hayo aliyatia kwenye kapu la vitu visivyo na mwenyewe, pamoja na soksi zilizopotelewa na wenzao.

Maishani mwake alikuwa ameona vitu vya watu vikichanganyika sana, na dawa yake ilikuwa moja tu, kuvirudisha. Alivipiga pasi vitambaa bila kuvifua, ili visipoteze harufu, akavifunga kwenye karatasi, akatoka.

Seremala alikuwa anapiga randa mlango huku akipiga mluzi. Alinusa kitambaa kimoja, akaitikia kwa kichwa.

"Ni vyangu. Haya ni ya kumlilia marehemu kaka yangu. Alikufa hatusemezani." Akakinusa tena. "Mbona mwaka huu najisikia mwepesi! Nikadhani ni hali ya hewa."

"Basi vichukue. Kijana wangu amechoka."

"Dada yangu, nina milango yote hii. Na kijana si yuko likizo?" Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akampa kiti kizuri chenye egemeo, ili Bosi asiumie mgongo anapolia.

Mama wa duka la viatu naye alivitambua vyake mara moja. Alikuwa na binti aliyehamia mbali na hapigi simu. Alimshukuru dobi sana, akampa ndara laini za Bosi, akauliza kama siku za Ijumaa kijana angeweza kuanza kulia mapema kidogo, kwani Ijumaa dukani huwa kuna wateja wengi. Vitambaa vyake aliviacha juu ya meza.

Dobi alirudi amebeba kiti, ndara, vitambaa vyote na hasira. Alimkuta dada yake amekuja kumjulia hali Bosi na kukaa karibu na kapu.

"Na hivi vya nani?" dada yake aliuliza.

"Havina mwenyewe. Havinuki kitu."

Dada yake akanusa, akamtazama.

"Havinuki kwako wewe. Hivi ni wanga na mvuke wa pasi vitupu. Ni vyako hivi, mdogo wangu. Shemeji tulimzika Jumamosi, Jumatatu ukawa unapiga pasi. Mimi nikajua umemaliza."

Dobi aliikumbuka Jumatatu ile. Wakati ule Bosi alikuwa bado anavaa kaptura za shule, na alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia mama yake anafanya kazi.

Jioni ile, kabla zamu ya Bosi haijaanza, dobi alizima pasi, akachukua kitambaa kimoja kwenye kapu, akakiweka usoni. Hakuna kilichotokea. Alikuwa amesahau inavyoanza. Ndipo akakumbuka shati la mumewe alilolipiga pasi asubuhi ya maziko, akalirudisha kabatini likiwa bado na joto, akafunga mlango wa kabati polepole asilikunje. Yakaja.

Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha seremala, mikono mapajani, anasubiri. Akasubiri tena. Kisha akainuka, akafunua sufuria, akala amesimama, na mtangazaji wa redio aliposema jambo la kipuuzi akambishia.

Ndivyo wanavyoishi hadi leo. Asubuhi Bosi hulia ya seremala, mchana ya mama wa viatu, Ijumaa huanza mapema. Mtaani wamehamia wapangaji wapya, wachangamfu mno, na dobi hawaamini hata kidogo. Jioni ni ya mama. Hapo Bosi husogeza kiti karibu naye, akasimulia vituko vya ofisini, akaigiza watu, akacheka mpaka akashika mbavu, na humwita mama yake amtazame anavyoigiza. Dobi humgeukia. Lakini saa hiyo macho yake yamejaa, na kila akiyafuta hujaa tena, kwa hiyo humsikia tu.