Damu ya Baba Mmoja

Ndesanjo alipatwa na kiharusi akiwa dukani kwake mtaani Sakina, anakouza vipuri vya magari. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda. Mwaka haujaisha, akawa anaendesha gari mwenyewe. Kanisani alisimama kutoa ushuhuda: "Mungu alinisaidia, lakini na mimi nilijikaza. Sikujidekeza."

Mdogo wake wa kike, Anande, alilia kwa furaha.

Mwaka uliofuata kiharusi kikamwangukia Anande. Alikuwa fundi cherehani; siku hiyo alikuwa akikata suti ya bwana harusi, mkasi ukamponyoka. Upande uleule wa kulia. Daktari alipotazama picha za ubongo alisema jeraha lake linakaribiana na la kaka yake. Ukoo ukashusha pumzi: basi atapona kama Ndesanjo.

Hakupona kama Ndesanjo. Binti yake, Irine, aliacha kazi Moshi akaja kumfanyisha mazoezi. Anande aliminya mpira wa matambara mpaka jasho likamtiririka, lakini vidole havikumtii. Maneno nayo yalimtoka kwa shida, mojamoja.

Kila Jumapili Ndesanjo alipita kumjulia hali.

"Shikamoo, mjomba," Irine alimwamkia.

"Marahaba. Bado yuko kitini? Anande, mimi wakati kama huu nilikuwa napanda ngazi. Wewe unajidekeza."

"Mjomba, mama anaanza mazoezi kabla hakujapambazuka."

"Mtoto lazima amtetee mama yake," alicheka.

Irine akamwomba waende wote kliniki, asikie mwenyewe. Daktari aliwaeleza taratibu.

"Mzee, ubongo ukijeruhiwa hujaribu kutafuta njia mpya. Mazoezi yana nafasi yake, umri pia, na jeraha lenyewe. Lakini watafiti wanaona kwamba hata vinasaba, vile tunavyorithi kwa wazazi, huenda vikamfanya mmoja apate nafuu haraka na mwingine achelewe. Ndugu wa baba na mama mmoja hawarithi sawasawa. Kwa mama huyu siwezi kusema ndiyo sababu, hatujampima. Ninachojua, huu si uvivu."

Anande aliubana mkono wa bintiye kwa mkono wake mzima, akalia. Njia nzima Ndesanjo alitazama barabara tu. Irine alidhani ameona aibu.

Jumapili iliyofuata sebule ya Anande ilijaa ndugu. Ndesanjo akawatangazia: "Daktari kasema ni mambo ya damu. Mimi nilichukua ya baba. Huyu kachukua ya upande wa mama, damu dhaifu." Akamgeukia Irine. "Na wewe ujiangalie."

"Daktari hakusema hivyo!"

Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi mmoja alisema kwa huruma kwamba basi wasimchoshe bure na mazoezi.

Anande aliinua kidevu. Midomo ilihangaika.

"To... to... ka."

"Anasema nini?" Ndesanjo aliuliza.

"Anasema utoke, mjomba."

Ndesanjo alitoka kwa hasira, na wageni wakamfuata. Akaeneza habari kwamba ugonjwa umemharibu dada yake akili, na watu wakaacha kuja.

Krismasi ukoo wote ulikwenda kijijini kwao Machame. Hakuna aliyewapigia simu Irine na mama yake. Irine alipika ndizi, akamkatia mama yake vipande vidogo, wakala wawili. Walipomaliza, alimnyooshea mkono waanze mazoezi.

Anande alitikisa kichwa. "Da... mu... dhaifu," alisema. Hakuwahi kukataa kabla ya siku hiyo.