Figo Kwenye Swali la Kumi na Nne

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa mkono wangu. Fomu ya kuomba ruhusa ya kusafiri kwenda nchi zenye vikwazo ina kurasa sita, na swali la kumi na nne linauliza: "Je, utaacha katika nchi hiyo sampuli yoyote ya kibaiolojia? Kama ndiyo, eleza." Nikaandika: Ndiyo. Figo moja, ya kushoto.

Mtu mwingine angeandika hapana na maisha yangeendelea. Lakini mimi ni fundi wa maabara ya damu hapa chuo kikuu, mwaka wa kumi na tisa huu, na ninachojua duniani ni kujaza fomu ikajaa. Kichupa kisicho na maelezo namwaga, hata kama aliyekileta ni profesa. Wanafunzi wananiita Bi Lebo na wanadhani sijui.

Figo ilikuwa ya kumpa mdogo wangu. Anatengeneza mafriji huko ng'ambo alikooa, na nchi yenyewe imo kwenye orodha ya chuo. Figo zake zimekufa zote mbili. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na hawezi safari yoyote, kwa hiyo wa kusafiri ni mimi. Vipimo vyetu vilikubaliana, madaktari wake wakatupa tarehe ya upasuaji, wiki tatu mbele. Sasa sheria ya chuo ni kwamba mfanyakazi hakanyagi nchi ya orodha bila kibali, hata akiwa likizo, hata kwa nauli yake. Mwalimu mmoja wa fizikia alikwenda kimyakimya kumzika babake, akarudi akakuta kitasa cha ofisi yake kimebadilishwa. Mdogo wangu alikijua kisa hicho, nilimsimulia mwenyewe.

"Dada, usije bila kibali," aliniambia kwenye simu. "Una watoto shuleni. Ukifukuzwa kazi kwa ajili yangu, hiyo figo itanisuta kila siku."

Basi nikaipeleka fomu ofisi ya safari, kwa yule tunayemwita Bwana Kiambatisho, maana hujawahi kumpelekea karatasi asidai nyingine ya kuambatisha. Alikuwa anaongea na simu. Akaigonga muhuri bila kuisoma, akaitupia kwenye trei. Siku ya nane akanipigia.

"Mama, fomu yako imehamishiwa Kamati ya Sampuli."

"Sampuli gani?"

"Hiyo uliyoitaja. Wanauliza inatoka maabara ipi."

"Haitoki maabara. Imo mwilini mwangu."

"Nakuelewa, ila pana nafasi ya jina la maabara na haiwezi kubaki wazi. Halafu wanataka uzito, aina ya kifungashio, na itasafirishwa kwenye nyuzijoto ngapi."

Nilishuka ghorofa nne na koti la maabara likiwa bado mwilini, nikamwambia anipe fomu nyingine niandike hapana yaishe. Akanieleza kwa upole wa mtu aliyeshasema hayo mara mia: fomu ikishagongwa muhuri haiondolewi ila kwa barua, na barua ya kuondoa fomu husikilizwa na kamati hiyohiyo.

"Kamati inakaa lini?"

"Jumanne ya kwanza ya mwezi."

"Jumanne ya kwanza ilikuwa jana."

"Ndiyo," akasema. "Laiti ungewahi."

Nilimtazama na tai yake na mashine yake ya kutobolea karatasi, nikayameza maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Kisha nikakaa kwenye kiti chake cha wageni nikajaza karatasi yao. Kifungashio: mimi. Nyuzijoto: thelathini na saba.

Tarehe ya upasuaji ikapita. Wifi yangu, mkewe, akawaangukia madaktari wakatoa nyingine, mwezi mmoja na ushee mbele, na wakasema haisogei tena. Nilihesabu siku nikaona bado tumo. Jumanne ya kamati nikasimama nje ya mlango wao tangu asubuhi, nikisikia vikombe vikigongana ndani. Mkuu wa idara yangu, ambaye ni mjumbe, alitoka ananikwepa macho.

"Ombi lako limepelekwa kwa mwanasheria," akasema. "Aamue kama ni mali ya chuo."

"Figo yangu, Profesa?"

"Usinifokee mimi, dada yangu. Hakuna anayekataa. Ila hakuna anayetaka sahihi yake ikae chini ya hilo neno."

Sikumfokea. Sikuwa na nguvu hiyo. Mle ndani mlikuwa na watu tisa wenye akili zao, na hapakuwa na hata mmoja aliyenitakia mabaya, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Adui ningepambana naye.

Mwanasheria alichukua siku kumi na tano. Jumatano moja Bwana Kiambatisho akapanda ngazi mwenyewe hadi maabara, anahema, bahasha mkononi. Figo haikuwa mali ya chuo. Nimeruhusiwa kusafiri, nimeruhusiwa kuiacha. Tarehe ya madaktari ilikuwa Jumatatu.

Hakuondoka. Alisimama karibu na mtungi wa maji, anageuzageuza kofia yake.

"Ningeisoma siku ile," akasema, "ningekwambia andika hapana."

Nilikuwa nimeshampigia wifi.

"Wifi, kibali kimetoka. Ijumaa niko kwenu."

"Njoo, wifi," akasema. "Anakuulizia."

"Mwambie ajiandae kwa Jumatatu."

"Hakuna Jumatatu. Mapafu yameingia maji. Madaktari wamesema mwili hauhimili kisu tena, wamemtoa kwenye orodha ya upasuaji."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua utaondoka bila karatasi."

Ningeondoka. Ningeondoka siku hiyohiyo, na kitasa wangebadilisha wanavyotaka.

Nilisafiri Ijumaa, nikiwa na kibali chenye mihuri mitatu na figo zangu zote mbili.