Nani Anaandika Kwenye Daftari Langu?

Jumamosi mchana, nyumbani kwake mtaa wa Black Rock, Spés alikaa mbele ya klasta yake, kompyuta tatu kuukuu zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Huduma ya madaftari ya kidijitali ya darasa lake ilikuwa inafanya kazi humo ndani tu. Leo aliifungulia njia ya mtandaoni, wanafunzi wake wa mbali waingie. Dakika kumi tu, Fides wa Louisville akapiga simu. "Mwalimu, kuna mtu anaandika kwenye daftari langu!"

Moyo ukamlipuka paa! Yaani mlango ndio kwanza umefunguliwa, mwizi kashaingia? Alikuwa karibu kuzima kila kitu, simu ya pili ikaita: Fides wa Columbus. "Nani huyu anafuta kazi yangu?"

Spés alicheka mpaka akashika meza. Akaunti alizitengeneza kwa jina na siku ya kuzaliwa, na kule kambi ya wakimbizi walikotoka, karani aliwaandikia karibu wote, yeye mwenyewe akiwemo, tarehe mosi Januari. Mwizi hakuna, ni Fides wawili kwenye akaunti moja!

Akamrudia wa Louisville. "Dada Fides, ulizaliwa lini hasa?"

"Mama alisema wakati wa kuvuna maharage."

Spés akaandika: fides-maharage. Daftari jipya likafunguka, la Fides peke yake.

Kisha akampigia mama yake, aulize na yeye alizaliwa wakati wa kuvuna nini.