Fundi Mchoyo wa Redioni

Dada mtu alikwishafika ngazi ya chini, begi begani, na mdogo wake nyuma yake kama mkia.

"Dada, ni mchezo wa redio tu. Watu wa kubuni."

"Wa kubuni! Fundi cherehani anayewapimia wanawe mkate kwa futi, huyo umembuni wewe? Baba yetu huyo, Kitinda! Jana mwenye genge kaapa mbele yangu, 'Yule fundi afe tu!' Nikamjibu, keshakufa zamani, punguza bei ya nyanya."

Mdogo mtu, mwandishi wa mchezo huo, hakucheka. Kazi yake ndivyo ilivyokwenda miaka yote: mhusika akikosa asili, anachotewa kwenye kumbukumbu za nyumbani. Mlinzi alipewa kikohozi cha mjomba, mama mkwe akapewa funguo za shangazi. Fundi alihitaji sababu ya kuchukiwa, akapewa futi ya baba juu ya mkate, watoto wamezunguka meza, wanameza mate.

"Kwani alikuwa anapima kwa nini?" Hakuwahi kuuliza kabla ya siku hiyo.

Dada akatua begi. "Kwa ajili yako, king'ang'anizi wee. Kila jioni kilio, umepunjwa. Baba akachukua futi akakuonyesha: haya, sawa kwa sawa. Ukanyamaza. Kipande chake yeye unakikumbuka?"

Alijaribu. Hakukikumbuka.

"Hakikuwepo. Ungekikumbukaje?"

"Nitaandika onyesho la kulitengeneza hilo, dada. Leo hii."

"Tengeneza. Nitasikilizia kwa binti yangu. Ukishindwa, usinifuate."

Asubuhi ileile akaandika onyesho la fundi anayegawa mkate sawa kwa sawa, mwenyewe akabaki bila kipande, akalipeleka kituoni. Mkuu wa vipindi alilisoma amesimama.

"Mzee wangu, watu wanamchukia huyu fundi vizuri kabisa. Ukimsafisha, nani atatusikiliza?"

"Lisomwe kama lilivyo, au mtafute mwandishi mwingine."

"Mwandishi mwingine yupo," mkuu alisema, bila ubaya.

Mwandishi mpya hakumjua baba yao. Kwake fundi alizidi uchoyo, akafia gerezani katika sehemu ya mwisho, na mtaani watu walishangilia. Mkuu wa vipindi alipandishwa cheo. Mwandishi wa zamani alipata kazi ya kusahihisha vitabu vya shule, akaacha kubuni watu. Dada alibaki kwa binti yake. Hakuwahi kuambiwa kuhusu onyesho lile. Alichosikia ni kifo cha gerezani, akajua ndugu yake ameshindwa. Wanapigiana simu sikukuu, wanaulizana afya.