Mizani Isiyorudi Sifuri

Jumanne, tarehe nne Juni. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na bati la zahanati lilidondosha maji bila mvua.

Mdogo wangu, mkunga wa hapo, aliniita nitengeneze mizani ya watoto. Beseni lake lilikuwa tupu, lakini mshale ulisimama kwenye kilo moja na robo.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nijifungue, kaka."

Mwanawe alizaliwa kabla ya miezi kutimia, akapimwa humo humo, kilo moja na robo. Jua halikutua akiwa hai.

Nilikaza parafujo, mshale ukarudi sifuri. Ukatulia kidogo, kisha ukapanda taratibu, kama mtu anayejilaza, hadi pale pale. Nikaweka jiwe langu la kilo moja. Mizani ikasoma mbili na robo. Katika darasa la jioni, uzeeni huku, nimefundishwa kwamba kilo ni kilo duniani kote, haina kwao wala haina ndugu. Nikaomba dua kimoyomoyo.

"Fundi, mizani imekushinda?" mama mmoja akanitania kutoka kwenye benchi. "Nipande mimi, ikatike tujue moja!"

Wenzake wakacheka, isipokuwa mmoja. Mtoto wake, ndani ya blanketi, hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Huyo juzi alisomeka kilo tatu," mdogo wangu akaninong'oneza. "Mimi nikipima, huutoa uzito wa mwanangu kwa hesabu ya kichwani. Mwenzangu wa zamu hakujua, akamruhusu aende nyumbani."

"Kwa nini hukuniita mapema?"

"Ikirudi sifuri, kaka, mwanangu atabaki wapi?"

"Mwachilie," nikasema. "Mungu anaujua uzito wake. Huyu aliye hai hana muda."

Aliingiza mikono ndani ya beseni tupu, akaikunja, akaiinua polepole, kama yenye mzigo. Wale wa benchini wakasimama kutazama. Mshale ukashuka hadi sifuri, ukabaki hapo. Safari hii mimi sikuwa nimegusa parafujo.

Yule mama ambaye hakucheka akamlaza mtoto wake humo. Kilo moja na robo tatu.

"Dereva!" mdogo wangu akaita dirishani, kwenye gari la zahanati lililokuwa nje. "Washa gari, huyu anakwenda hospitali kuu sasa hivi!"

Kisha akawageukia wanawake wa benchini, mikono yake bado imekunjwa kifuani.

"Ninyi nyote ni mashahidi," akasema kwa sauti. "Wangu nitambeba mwenyewe. Wenu, kila mmoja, nitampima kuanzia sifuri."