Uhamisho wa Kigutu

Daktari mkuu wa hifadhi alikuwa ameshaamua: sokwe dume mmoja aondoke, na wa kuondoka ni Kigutu. Banda la kulala lilikuwa limejaa, na hifadhi nyingine ilikubali kumpokea dume mmoja. Kigutu, aliyepoteza kiganja kwenye mtego wa waya kabla ya kuokolewa, alikuwa wa mwisho kwa cheo katika madume wanne. Akimwona Jemadari, kiongozi wa kundi, anainama. Akimwona Mbabe, wa pili, anainama. Hata majike wakubwa walimpora ndizi naye akajitia hamnazo.

"Hana cheo, hana mtoto," daktari alisema. "Wanaozalisha ni wenye nguvu, mama. Huyu ni kula kulala tu."

Mtunzaji wa sokwe, mama wa miaka hamsini na kitu aliyewalisha wanyama wale miaka kumi na minane, alisogea mbele. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Siku hiyo alipiga moyo konde.

"Naomba tuwapime watoto vinasaba kwanza, Daktari."

"Kwa nini?"

"Kigutu huwa anapotea. Kila yule jike, Bi Mapengo, akiwa tayari kupandwa, wawili hao hawaonekani siku tatu, nne. Wanajificha kule bondeni, kimya kabisa, hawarudi hata bandani. Tarehe zote nimeziandika."

Daktari alicheka, lakini si kwa dharau. "Yaani anamtorosha mke wa Jemadari?"

"Mimi nasema tupime tu."

Daktari alikubali, na kwa wiki mbili mama alizunguka msituni na koleo dogo na vichupa, akiokota kinyesi cha watoto watano, mama zao na madume wote kikiwa bado cha moto. Nyumbani mumewe alimwambia aache viatu nje, kisha akaongeza kwamba kuna watu wamefukuzwa kazi kwa makosa madogo kuliko kumpinga bosi. Mama aliviacha viatu mlangoni. Hilohilo ndilo lililokuwa likimnyima raha.

Majibu ya maabara yalikuja Jumanne mchana. Daktari alimwita ofisini, akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jemadari ana watatu," alisema. "Hapo sikukosea."

"Na Mbabe?"

"Hana hata mmoja. Kutuna kote kule, kelele zote zile, bure." Akageuza karatasi. "Wale wawili wa Bi Mapengo ni wa Kigutu."

Mama alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema neno la maana, kikamtoka kicheko, kisha machozi.

"Kwa hiyo anabaki?"

"Anabaki. Tutapanua banda, ukarabati wa ofisi yangu utasubiri. Na hayo madaftari yako niletee, mama. Ripoti tutaiandika pamoja, jina lako likitangulia."

Mama alishuka hadi kwenye uzio. Kigutu hakuwa na habari. Mtoto mdogo wa Bi Mapengo alikuwa amening'inia kwenye mkono wake mzima, akimvuta sikio, naye ametulia tuli. Hatua chache pembeni aliketi jike kijana ambaye hajawahi kuzaa, tumbo limeanza kuonekana. Mama alimtazama, akapiga hesabu ya miezi kwa vidole. Mtoto wa sita angefika mvua zikianza, na safari hii hakuna aliyethubutu kutabiri baba ni nani.