Diski ya Kithimani

Mwaka 2004 zahanati ya misheni ambako Ngina aliweka kumbukumbu za wagonjwa, Machakos mjini, ilipata kompyuta mpya. Sita kuukuu zikauzwa kwa Aweys, mwenye duka la vyombo vya umeme kule Tala. Ngina alifuta mafaili yote mwenyewe, kisha akatia sahihi zichukuliwe.

Wiki mbili baadaye alikuja fundi Maundu kufunga zile mpya. Aliposikia jinsi zile kuukuu zilivyofutwa, akasema hiyo ni sawa na kung'oa kibao cha jina mlangoni. Wenye nyumba bado wamo ndani. Stoo ilikuwa na kompyuta ya saba, mbovu, ambayo Ngina aliifuta vivyo hivyo. Maundu akachomoa diski yake, akaendesha programu ya kufufua mafaili, na majina yakarudi mstari kwa mstari, kila jina na jibu lake la kipimo cha Ukimwi.

Ngina hakulia. Alimwambia sista msimamizi ukweli, akapewa barua ya onyo na ruhusa ya siku tatu. Maundu akampa programu hiyo, na nyingine ya kuandika sifuri juu ya diski nzima ili kisibaki kitu, akamfundisha kuzitumia, naye Ngina akaenda Tala.

Kompyuta tano zilikuwa bado dukani. Aweys alitaka kujua zina nini.

"Majina ya watu," Ngina akasema.

Aweys hakuuliza tena. Alimpa meza na umeme, na kazi ikala siku mbili. Ya sita, akamwambia, ilinunuliwa na shule moja ya msingi Kithimani.

Siku ya tatu mwalimu mkuu, Bartholomew Kimeu, alimpokea ofisini. Ngina alipotaja zahanati, mwalimu aliinuka akafunga mlango, kisha akafungua kabati. Kompyuta ilikuwa ndani, imefunikwa gunia. Walimu wenzake aliwaambia imeungua.

"Nilifungua lile pipa la taka kwenye skrini," akasema. "Hamkulimwaga. Nikaona jina langu, nikalifuta. Halafu nikaona wazazi wa watoto wangu hapa, na walimu wawili. Singeweza kuita fundi. Kuitupa pia singeweza."

Ngina alikuwa ameandika mamia ya majina. La huyu hakulikumbuka.

"Nisamehe, mwalimu."

"Fanya kazi kwanza."

Ilichukua saa tatu na nusu. Mwalimu alisahihisha insha, Ngina akitazama asilimia zikipanda. Kulipokuwa na mapumziko watoto walipiga kelele nje ya dirisha, na hakuna aliyebisha hodi. Kazi ilipoisha, Kimeu aliuliza kama mtaalamu wa Nairobi anaweza kuyarudisha majina. Ngina akasema hawezi, akaendesha mbele yake ile programu ya Maundu ya kufufua mafaili. Haikupata kitu. Mwalimu akaomba irudiwe, ikarudiwa.

Akamsindikiza hadi getini. Hapo akasema, bila kumtazama, kwamba mkewe hajui bado.

"Njooni wote wawili," Ngina akasema. "Kila Alhamisi niko na nafasi."

Alhamisi iliyofuata hawakuja, wala ya pili. Ya tatu Ngina aliwakuta kwenye benchi la mapokezi, wamekaa mbalimbali, mke ameshika mkoba kwa mikono miwili. Akamwita mwenzake wa kazi aandike kadi zao, naye akaenda kuwatafutia chumba chenye mlango unaofungika.